Mpira Ulipita

Kamba ilikuwa imelazwa juu ya meza ya chuma, ndefu kupita mtu mzima, nene kama zile figili kubwa za majira ya baridi. Inspekta Shizu Onodera alivaa glavu, akainama, akainusa, kisha akainuka akishukuru kwamba alikuwa bado hajanywa chai.

"Hii ndiyo iliyotoka?"

"Ndiyo hiyo, Afande. Pampu namba mbili, Jumatatu asubuhi." Mhandisi Sakaki wa manispaa alisimama hatua tatu nyuma, leso puani. "Mara ya tatu ndani ya wiki tano. Kuna mtu anashindilia matambara kwenye pampu zangu."

"Pampu zako?"

"Nilizichagua mimi."

Nje, mvua ya mwezi wa sita ilinyesha bila haraka. Majitaka ya kaya mia nne za mtaa wa Kawashimo huteremka yenyewe mpaka kwenye kituo kidogo kilicho kando ya mto. Hapo pampu mbili huyainua hadi kwenye mtambo wa kusafishia, juu ya kilima cha Takimoto. Pampu zikikwama, maji hayapandi, na maji yasiyopanda hujitafutia njia. Njia ya karibu ni mto Misora. Safari hii yalikuta msimu wa kuvua samaki aina ya ayu una siku mbili tu tangu ufunguliwe. Samaki walielea matumbo juu kuanzia daraja la chini mpaka kwenye mashamba ya mpunga.

Kesho saa nne asubuhi baraza la mji lingekaa. Mezani kungekuwa na taarifa ya Sakaki, nayo ilimtaja mtu mmoja tu: Kuwabara Eizo, fundi mkuu wa mtambo, mwenye miaka sitini na minne, aliyebakiza miezi tisa astaafu. Onodera akiikubali, jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka siku hiyohiyo, na miaka thelathini ya Kuwabara ingeishia kwenye neno moja: mhujumu.

"Niambie tena kwa nini yeye," alisema Onodera. Alikuwa ameshatoa futi ya kupimia.

"Alizipinga pampu hizi tangu mwanzo. Barua ninayo, ina muhuri wake. Halafu zamu. Mafundi wako wanne, kila mmoja anashika siku moja katika nne. Pampu zimekwama mara tatu, mara tatu zote ni zamu yake. Tena kamera ya mlango wa kituo inamwonyesha Jumapili jioni, siku isiyo yake, anashuka shimoni na mfuko. Jumatatu asubuhi, kwisha habari."

"Na kitambaa?"

Sakaki alisogea, akanyoosha kidole bila kugusa. Upande wa nje wa kamba bado ulikuwa na rangi: buluu, yenye mawimbi meupe. "Kila mtu mtamboni anakijua. Ndicho anachojifunga kichwani."

Onodera aliandika. "Pampu inazunguka upande gani?"

"Kulia, ukiitazama kutoka juu."

"Na kamba imesokotwa kulia." Alichukua kisu kutoka kwenye sanduku lake, akaikata kamba katikati kwa uangalifu, kama mtu anayekata keki ya harusi isiyo yake. "Njoo uone. Usiogope, imekufa."

Ndani kulikuwa na matabaka, kama shina la mti lililopigwa msumeno. La katikati lilikuwa jeusi kabisa. Lililofuata, jeusi lenye majivu. Kisha la kijivu. La nje kabisa, buluu.

"Mtu akishindilia furushi la matambara mara moja, linatoka furushi," alisema Onodera. "Hili limesokotwa na pampu yenyewe ikiwa kazini. Limeingia mara nne, kwa siku mbalimbali. Lini pampu hii ilisafishwa kabla ya Jumatatu?"

Sakaki alifungua daftari la mtambo. "Siku kumi na sita kabla."

"Katika hizo siku, Kuwabara alishika zamu ngapi?"

Kidole cha Sakaki kilishuka kwenye ukurasa. Alipoinua uso alikuwa na macho ya mtu aliyeokota kitu barabarani. "Nne. Matabaka manne, zamu nne. Afande, umemaliza kazi."

"Nimeianza," alisema Onodera. "Kituo kina milango mingapi?"

"Mmoja."

"Na kamera inatazama mlango huo siku zote?"

"Usiku na mchana."

"Sasa katika siku hizo kumi na sita, imemwonyesha akiingia mara ngapi?"

"Mara moja. Hiyo Jumapili."

"Basi tabaka moja tuseme lake. Matatu yaliingia kwa mlango upi?"

Onodera aliinama tena na koleo ndogo, akachomoa kitu kilichokuwa kimesukwa ndani ya tabaka la buluu. Ulikuwa waya mwembamba, wa ule wavu ambao watu huzungushia bustani ili tumbili wasile malenge. Aliutia kwenye mfuko wa nailoni, akaandika tarehe.

"Sasa," alisema, "nifundishe. Kwa nini ulichagua pampu hizi?"

*

Mezani kwa Sakaki kulikuwa na mpira mwekundu wa plastiki, mkubwa kama chungwa. Aliushika kwa mapenzi.

"Muuzaji aliniachia. Ndiyo kipimo. Mpira huu ukipita ndani ya pampu, basi uchafu wowote wa ukubwa huu utapita. Niliona kwa macho yangu wakiuingiza huku, ukatokea kule. Mara kumi."

"Pampu za zamani zilipitisha mpira?"

"Zilipitisha hata mkubwa zaidi. Lakini zilikula umeme, Afande. Gurudumu lake la ndani, ile impela, lilijificha pembeni, halishiki maji. Linayazungusha tu kwa mbali, kama mtu anayekoroga supu bila kugusa nyama. Nguvu nyingi inapotea. Hizi mpya zina njia zilizofungwa, maji yanapita karibu na chuma. Zinaokoa theluthi ya umeme. Na kwa kuwa mpira unapita, niliondoa na lile kapu la wavu lililokuwa mbele ya pampu. Lilikuwa linawatesa mafundi, kulipandisha na kulisugua kila wiki."

"Kuwabara aliandika nini?"

Barua ilikuwa fupi. Mstari wa mwisho ulisema: *Uchafu wa mji wetu si mipira. Naomba kapu libaki.* Chini yake, mahali pa sahihi, muhuri mdogo mwekundu wa jina lake, umegongwa sawasawa.

"Ulimjibu?"

"Nilimwambia tutaona," alisema Sakaki. Aliurudisha mpira mezani. Ulibingirika kidogo, akauzuia kwa kidole.

*

Kuwabara alikuwa amesimamishwa kazi, lakini kusimamishwa hakukumzuia kuja. Onodera alimkuta uani, nyuma ya matangi, ameshika mwavuli kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mwingine. Alikuwa akifuta gurudumu la chuma lililokalishwa juu ya jiwe. Kamba ya majani ya mpunga ilikuwa imelizunguka, kama wafanyavyo kwa kitu kitakatifu, na mbele yake palikuwa na kikombe kidogo cha sake, pombe ya mchele, kimefunikwa kwa jani kisiingie mvua.

"Pampu ya zamani?" aliuliza Onodera.

"Moyo wake. Miaka ishirini na saba, Afande, hakukosa kazi hata siku ya mwaka mpya. Mtu wa namna hiyo humtupi kwenye vyuma chakavu bila neno la asante." Alikunja kitambaa. Kichwani alikuwa amejifunga kingine, cha buluu, chenye mawimbi meupe. "Umekuja kunikamata? Maana kama ndiyo, naomba kwanza niwaage wale kwenye tangi. Vijidudu vya kusafisha maji havipendi kushtuliwa."

"Nimekuja kuangalia kichwa chako."

Mzee alicheka, akakifungua kitambaa na kumpa. Onodera alikitazama pembe zote nne. Kilikuwa kizima, hakijaguswa na mkasi. Kwenye upindo kulikuwa na maandishi madogo yaliyochapwa: *Miaka Ishirini ya Vimulimuli, Mtaa wa Kawashimo.*

"Ulikipata wapi?"

"Kwenye sherehe ya mtaa, mwaka juzi. Walipewa wote waliohudhuria. Nilikuwa nimesimama kwenye mstari kama watu wengine, kwa hiyo haikuwa zawadi. Nilimuuliza kwanza mkuu wa idara."

"Uliuliza ruhusa ya kitambaa?"

"Mtumishi wa umma hapokei kitu, Afande, hata tunda moja la persimoni. Ndiyo kanuni. Miaka sita iliyopita, baada ya yale mafuriko, watu wa mtaa walikuja pale getini na masanduku. Sake, keki za mchele, boga kubwa kama nguruwe. Niliwainamia, nikawarudishia yote. Boga lilinitoa jasho."

Onodera aliyakumbuka mafuriko hayo. Yalikuwa kwenye magazeti: siku mbili mtu mmoja alikaa kwenye kituo cha Kawashimo akisafisha kapu kwa mikono, ili majitaka yasipande vyooni mwa watu. Magazeti hayakumtaja jina kwa sababu alikataa kulitoa.

"Jumapili ulishuka shimoni na mfuko. Ndani yake kulikuwa na nini?"

"Vitu vyangu."

"Wavu wa bustani?"

Kuwabara alilitazama gurudumu. "Bustani yangu ina tumbili wengi."

"Ulitengeneza kapu mwenyewe ukaliweka mbele ya pampu, kwa kuwa lile la zamani liliondolewa. Likapasuka Jumatatu. Ulijua kuna kitu kinakuja. Ulijuaje?"

Mvua ilipiga mwavuli. Mzee alilisogeza vizuri lile jani juu ya kikombe.

"Na kabatini kwako kuna nini? Nimepita chumba cha mafundi, wenzako hawafungi. Wewe una kufuli."

"Afande," alisema Kuwabara polepole, "nakushukuru kwa kuniuliza mimi kwanza. Wengine waliandika kwanza. Lakini nina ombi moja. Andika kwamba nilikosea mimi. Sema nilisahau kusafisha, sema uzee. Ila Kawashimo usiende."

"Kwa nini nisiende?"

"Kuna matope."

Onodera alimrudishia kitambaa. "Nina viatu vya mvua," alisema.

*

Kwanza alipita maabara ya mtambo, akaomba beseni, maji ya moto na sabuni. Alichomoa kipande kimoja cha tabaka la buluu, akakiloweka, akakifungua kidogo kidogo kwa ncha ya koleo. Sakaki alikuwa amemfuata. Sasa alisahau leso yake.

Kilichojitandaza ndani ya beseni kilikuwa na kichwa, mabega, na mikono mirefu kama ya kimono. Kilikuwa na urefu wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko. Kiunoni kilifungwa mshipi wa utepe, mrefu kukishinda chenyewe. Kingo zote zilikuwa zimekunjwa na kushonwa kwa mkono, tundu baada ya tundu, sawasawa.

"Mtu," alisema Sakaki.

"Mtu wa kitambaa. Kama wale wa karatasi wa mwisho wa mwezi wa sita, tunaojipangusia mikosi na kuwaachia mto. Nyanya yangu alikuwa akinikatia."

"Lakini wale ni wa karatasi. Karatasi ingeyeyuka. Hata pampu ya mashine ya kahawa ingeipitisha."

"Na hiki?"

Sakaki alikiinua kwa vidole viwili, bila glavu. Alikipitisha mkononi, akaona jinsi mshipi ulivyomzunguka kiganja. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, ila hakuwa ameulizwa swali sahihi. "Kinapita kichwa, mikono inabaki nyuma," alisema. "Mshipi unashika ukingo wa impela. Kinakuja cha pili, kinajifunga kwa cha kwanza. Kapu lingevikamata vyote. Pampu za zamani zingevipitisha vyote." Alikirudisha kwenye beseni. "Mpira hauna mikono."

"Hauna," alisema Onodera. "Ni nani Kawashimo anashona namna hii?"

"Afande, hata mimi mgeni najua. Bibi Fumi."

*

Duka la nyuzi na vifungo la Bibi Fumi Tsuruoka lilikuwa kwenye kona, dirisha lake likitazama barabara inayopanda mtamboni. Mwenyewe alikuwa na miaka themanini na mmoja, na sindano tatu zimechomwa kwenye ukosi wa nguo yake. Onodera alivua viatu, akakalishwa kwenye mkeka, akawekewa chai baridi ya shayiri. Alikunywa yote. Ilikuwa ya kwanza tangu asubuhi na aliishukuru kwa dhati.

"Ongeza, mwanangu. Polisi hawanywi?"

"Tunakunywa, Bibi. Nimekuja kuuliza juu ya hiki." Alitoa mfuko wa nailoni wenye yule mtu wa kitambaa, amekaushwa.

Uso wa Bibi Fumi uling'aa. "Huyo wa Bi Haruyo. Mwone mshono unavyopinda kushoto, macho yake mabovu. Umempata wapi? Amefika?"

"Afike wapi?"

"Kwa fundi wa maji. Kuwabara." Alisema kama mtu anayetaja ndugu. "Wewe si wa hapa. Nilipoolewa, mto ule ulikuwa mweusi, tunaufungia madirisha. Leo wajukuu wanakuja kutoka mjini kuangalia vimulimuli. Na yale mafuriko, choo changu hakikupanda hata kidole. Tulikwenda kumshukuru, akatuinamia mpaka nikaogopa atavunjika, halafu akaturudishia boga letu. Mwaka uliofuata tukajaribu tena. Akaturudishia tena. Mtu gani huyo? Unabaki na asante yako mkononi kama mwavuli wa mwenzio."

"Mkafanyaje?"

"Tukawaza. Mlangoni hapokei, sawa. Lakini kila kinachoshuka kwenye bomba letu, yeye anakipokea. Hajawahi kurudisha hata kimoja." Alicheka mpaka sindano zikatikisika. "Basi kila mmoja anakata mtu wa karatasi, anampulizia, anamwambia la moyoni, tunamtia kwenye chemba hapo nyuma ya duka. Miaka mitano sasa."

"Karatasi," alisema Onodera.

"Karatasi. Mpaka mwezi wa nne tukasikia anastaafu. Bi Haruyo akasema, hivi karatasi si inayeyuka kabla haijafika kona ya kwanza? Asante inayoyeyuka njiani ni asante gani? Tukatoa vile vitambaa vya sherehe, kila nyumba ilikuwa navyo vitatu vinne. Tuko wanawake ishirini na wawili. Tumeshona vizuri, mwanangu, havifumuki."

"Havikufumuka," alikubali Onodera. "Mnawatuma siku gani?"

Bibi Fumi alionyesha dirisha. "Akipita na baiskeli asubuhi, najua ni zamu yake. Napigia wenzangu simu. Si vizuri kumtumia siku ya mtu mwingine, angewapokea asiyehusika."

Onodera aliweka kalamu chini. Ile zamu iliyokuwa imemfunga Kuwabara kamba shingoni, mara tatu kwa tatu, ilikuwa imefungwa na mwanamke huyu, kutoka dirisha hili.

"Bibi, kuna tangazo kwenye ubao wa mtaa. Lina wiki mbili. Linasema watu wasitupe vitambaa kwenye bomba."

"Nimelisoma. Mwandiko wake mwenyewe, mzuri. Vijana wanatupa zile tishu za kupangusia watoto." Bibi Fumi alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Sisi hatutupi. Tunatuma."

Kulikuwa na njia nyingi za kulisema, na Onodera alichagua iliyo fupi. Alieleza pampu, kamba, samaki, na baraza la kesho. Hakupunguza wala hakuongeza.

Bibi Fumi alichomoa sindano moja kutoka ukosini, akaichomeka kwenye mto wa sindano. Akachomoa ya pili. Ya tatu.

"Naye anajua?" aliuliza.

"Nadhani anajua tangu mara ya pili. Aliniomba nisije huku."

"Mjinga," alisema Bibi Fumi, sauti ikiwa imeshuka. "Mjinga mzuri." Alifungua aproni, akaikunja mara nne. "Gari lako lina nafasi? Baraza ni kesho, lakini mimi sina umri wa kungoja kesho."

*

Kuwabara alikuwa bado uani. Alipomwona anayeshuka kwenye gari la polisi, mwavuli ulimponyoka.

"Nilikuomba, Afande."

"Uliomba. Mimi sikukubali."

Bibi Fumi alitembea peke yake mpaka mbele ya lile jiwe, akaweka mikono mapajani na kuinama, chini kabisa, mvua ikimpiga mgongoni. Kuwabara naye akainama, akaenda chini kumzidi. Wakabaki hivyo. Kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake ainuke.

"Mtaugua," alisema Sakaki mwishowe, akawafunika wote wawili kwa mwavuli wake. Yeye mwenyewe alilowa. "Mzee Kuwabara. Kapu ni mimi niliyeliondoa. Taarifa yangu ya kesho nitaiandika upya usiku huu, na barua yako nitaiambatisha. Kapu litarudi kesho. Na pampu zile zina impela ya aina ya zamani inayoingia kwenye mwili uleule, nimeuliza kiwandani mchana huu. Umeme utapanda. Nitawaeleza kwa nini." Alitoa mpira mwekundu mfukoni, akauangalia, hakujua aufanye nini. "Samahani sana."

"Uweke hapo," alisema Kuwabara, akionyesha jiwe. "Nao umefanya kazi yake. Ulipita mara kumi."

Bibi Fumi alikuwa ameinuka sasa. Alijipangusa uso kwa mkono wa kimono.

"Tumekuulia samaki. Tutakwenda kwa wavuvi, wote ishirini na wawili, nyumba kwa nyumba. Lakini niambie jambo moja nilale. Walikufika?"

Mzee aliwaongoza ndani, akavua mabuti, akavaa ndara za chumba cha mafundi, na kufungua kufuli la kabati lake.

Walikuwa wamening'inizwa kwenye uzi, safu juu ya safu, vibanio vidogo mabegani. Mawimbi yao yalikuwa yamepauka kwa madawa na kuchemshwa, mikono mingine imechanika na kurudishiwa mshono wa mtu asiyejua kushona. Kila mmoja alikuwa amepigwa pasi. Kabati lilinuka sabuni.

"Wa kwanza walinipita, sikujua," alisema Kuwabara. "Nilidhani matambara tu. Hawa ni wa mara ya pili. Themanini na watatu. Watano sikuweza kuwaokoa." Aligeuka kwa Onodera haraka. "Sikuwapokea, Afande. Kanuni inasema nisipokee. Haisemi nisifue."

Sakaki alitazama dari.

Onodera alifungua mkoba wake. Alitoa ule mfuko wa nailoni wenye mtu wa Bi Haruyo, akauweka mezani, kisha akatoa fomu moja, ile ambayo kila kituo cha polisi nchini hujaza mara nyingi kuliko zote, kwa miavuli, pochi na glavu za mkono mmoja. Mahali pa kosa la jinai, aliandika: *Hakuna.* Mahali pa aina ya kitu: *Mtu wa kitambaa, mmoja, wengine wapo kwenye kamba, watafuata.* Mahali palipopatikana: *Pampu namba mbili.*

"Hii si zawadi, Mzee," alisema. "Ni mali iliyopotea njiani ikaokotwa na polisi. Mmoja wa watumaji yuko hapa, na amemtaja mwenyewe wa kuipokea. Sheria inanilazimu nimkabidhi. Muhuri wako unao?"

Kuwabara alipapasa mfuko wa shati. Kikasha cha muhuri kilikuwa kidogo kama kidole. Alikifungua, akaubonyeza muhuri kwenye wino mwekundu, akausimamisha juu ya karatasi. Bibi Fumi akanyoosha mkono wake, akamshikilia kiganja.

Muhuri ulitua, ukapinda kidogo kushoto.